Santuri ya Marehemu Ephraim

"Keziah, mwenzangu, huyo bwana wa baiskeli anakuja kwako, au anakuja kwa santuri ya marehemu?"

Jirani yangu, Bi Thirtle, aliniuliza hivyo juu ya ua, mimi nikianika mashuka. Nikamwambia akaulize baiskeli. Akacheka, akarudi ndani kwake, nami nikabaki na shuka mkononi nisijue pa kulibana.

Bwana Ling alikuwa amestaafu kazi ya reli, na hakuwahi kuoa. Shughuli yake sasa ilikuwa kuzunguka vijiji vya Suffolk, huku kwetu Uingereza, akitafuta santuri za zamani, zile za nyimbo za kwetu zilizoimbwa na watu wa kwetu wenyewe, wakulima na watunza farasi, kwa lafudhi yao. Alizitoa kwenye mabanda ya kuku, chini ya vitanda, kwenye minada ya mashamba. Moja tu ilimkwepa: ile aliyoimba mume wangu Ephraim mwaka mmoja kabla ya vita, watu wa mjini walipoleta mashine yao ya kunasa sauti baani kwetu. Zilitengenezwa chache, na nyingi zikavunjika. Yangu ilikuwa kabatini.

Mwezi wa kwanza aliomba kuiona. Nikasema, bado. Hakuomba tena. Ila kila Alhamisi saa tisa alasiri baiskeli yake iliegemea ukuta wangu. Alikunywa chai, akala keki, akanikazia bawaba za mlango, akanisimulia habari za santuri zake kama mtu anayesimulia wanawe. Miaka miwili hivyo. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuoka keki kila Jumatano huku naimba.

Sasa kosa langu. Tangu Ephraim afariki, kila Jumapili nikitoka kanisani niliipiga ile santuri. Sindano ya chuma ya gramafoni hutupwa ukishapiga mara moja. Mimi nililelewa kutotupa kitu, nikawa natumia moja mwaka mzima, na sindano ikaila santuri. Sauti ya mume wangu ikawa inatoka kama ya mtu anayeimba jikoni huku mafuta yanachemka. Nilijua siku Bwana Ling akiiona ataaga kwa adabu, na Alhamisi zangu zitakuwa zimekwisha.

Lakini swali la Bi Thirtle lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikasali, nikaamua. Alhamisi nikaitoa.

Aliishika kwa kingo, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Palipopaswa kuwa peusi palikuwa pa kijivu.

"Umeipiga mara ngapi, Bi Keziah?"

"Kila Jumapili. Miaka tisa."

"Na sindano?"

"Ileile, mpaka ikatike."

Nikamwambia kama ana haraka, kofia yake iko pale kwenye msumari.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba imekwisha. Mwezi uleule wa kwanza nilipita hapa Jumapili, dirisha lako likiwa wazi. Niliisikia kutoka barabarani."

"Bwana Ling, miaka miwili mimi natetemeka, kumbe wewe unajua?"

"Ningesema, ungeniuliza sasa ninakuja kufuata nini. Jibu nilikuwa nalo. Ujasiri ndio sikuwa nao."

"Kwa hiyo ukanywa chai tu."

"Chai haina neno. Keki ndiyo ilinipa mashaka, ile ya mwaka wa kwanza."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na miiba mikavu, imechongwa ncha kwa kisu. Akanieleza kwamba santuri iliyochoka hupigwa kwa mwiba, maana mwiba hauikwaruzi. Alikuwa amenichongea tangu mwezi ule, akawa anatembea nayo mfukoni, kwa kuwa kunipa kungekuwa ni kukiri alichosikia.

Akaweka mwiba kwenye gramafoni, mahali pa sindano. Ephraim akaanza kuimba, kwa mbali, lakini kila neno lilikuwa lake. Bwana Ling akafungua mdomo.

"Nyamaza," nikamwambia. "Baani kwetu mtu akiimba, wengine hawaongei."

Akaufunga. Tukakaa, mikono magotini, mpaka mume wangu akamaliza ubeti wa mwisho. Sikuona aibu mbele ya yeyote kati yao wawili.

"Sasa naruhusiwa?"

"Sasa sema."

"Sitaki uache kuipiga Jumapili. Nataka niwe wa kukuchongea miiba, humu ndani. Jumapili hii kasisi akitangaza ndoa yetu kanisani, utakasirika?"

Nikairudisha santuri kwenye mfuko wake. Nikavaa koti langu la kanisani, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikatoka, nikashika njia ya kwenda kwa kasisi.