Tairi za Mtani Wangu Zilimuua Mama

Nina miaka thelathini na minane, mkulima wa korosho, nyumbani kwangu ni Rasbura, Lindi. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika sijayasamehe, na msiniombe nisamehe!

Msimu mmoja korosho zilikubali, nikanunua gari dogo jeusi. Nikaona halitoshi... Nilitaka nikipita watu wageuze shingo. Nikatamani tairi pana za spoti, zenye ubavu mwembamba na rimu kubwa, kama za magari ya mashindano.

Fundi wangu alinikataza. Alisema mimi kila wiki naenda shambani Milola, na mvua zikianza nitahitaji kashata, ile mifereji ya tairi inayotoa maji, si urembo. Nikamwona mshamba!

Nikaenda kwa Mfaume, muuza tairi. Mfaume ni mtani wangu, koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka, akibeba kuku wako unacheka. Akanitolea tairi nne zinazong'aa. Nikamuuliza kama ni mpya.

"Mpya wapi, mtani! Kuukuu hizi. Nakuuzia ukafe, nirithi mikorosho yako!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Jamani, mtu anakwambia ukweli usoni, nawe unacheka?

Wiki ya tatu tangu nizifunge nilikwenda Milola kumchukua mama, nimlete mjini atibiwe macho. Mvua ilitukuta tumeshaingia kwenye lami.

"Polepole, baba," mama aliniambia. "Macho yamengoja miaka, yatangoja na leo."

Nikamjibu asiwe na hofu, gari lina tairi za mbio, nikakanyaga mafuta. Kwenye kona nikakanyaga breki... Gari halikushika! Liliteleza juu ya maji, likaingia mtaroni na kubiringika. Mimi nilivunjika mguu. Mama hakufika hospitali.

Alizikwa nikiwa kitandani. Dada yangu alinisimulia kwamba Mfaume alizuia jeneza lisitoke, akawa anaigiza gari linavyoteleza, mpaka akapewa kanga ya marehemu. Watu walicheka, ndiyo mila yetu. Akaondoka amejifunga kanga ya mama yangu!

Kisha fundi akaja kunijulia hali. Alikuwa amezisugua zile tairi kwa petroli. Weusi wote ukatoka, kumbe ni rangi ya viatu! Chini yake mpira ulikuwa umepasukapasuka. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi zile zilikuwa na miaka kumi na moja.

Siku hiyo nililia, kisha nikaacha kulia. Nikawa nangoja arobaini.

Siku ikafika. Baada ya hitma Mfaume akaja na mizaha yake. Nikamwambia leo ni zamu yangu kutania. Nikaomba tairi moja iliyokuwa haijasuguliwa upande wa pili iletwe katikati ya ua, nikamsihi awasomee wageni zile tarakimu kwa sauti. Akasoma huku anacheka, nami nikawaeleza wageni kwamba huo ndio mwaka wa kutengenezwa. Nikalowesha kitambaa kwa petroli, nikaisugua tairi, kisha nikakifuta kitambaa kwenye kanzu yake nyeupe! Angefanya nini? Mtani hakasiriki.

Alitafuta wa kucheka naye, hakumpata. Shangazi yangu akasimama.

"Mfaume, kanga ya wifi yangu irudi leo hii."

Ilirudi kabla ya alasiri. Duka lake likakosa wateja, akalifunga. Nasikia kafungua lingine Kipatimu. Nimeshatuma watu wakamtanie hukohuko, na akihama tena nitamfuata!

Ndugu zangu, nawasihi. Chagua tairi ya barabara unayopita kila siku, si ya kuringia. Soma mwaka wake kabla hujaifunga, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Na fundi akikukataza, msikilize.

Mnauliza kama roho yangu imetulia? Kwa Mfaume, ndiyo, na ninafurahi. Lakini aliyeambiwa polepole akakanyaga mafuta ni mimi... Huyo nimlipizeje?