Msasa na Shaba Nyeusi

Kila siku akitoka shule, Msasa alipitia maabara ya chuo alikofanya kazi shangazi yake. Alifagia, akaosha vyombo vya kioo, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo alibandikwa na kaka zake, kwa kuwa sufuria ikipita mikononi mwake unaweza kujitazama uso humo. Msasa hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Jumatatu alikuta mezani kipande cha shaba, kipana kama kiganja, cheusi tii. "Shangazi naye, anaunguza vitu halafu anaviacha tu," alinong'ona. Akakisugua kwa sponji na sabuni mpaka mkono ukauma, lakini weusi uligoma kutoka. Akakirudisha mahali pake.

Jumatano shangazi alikifunga kipande hicho ndani ya sanduku la kioo, akakipoza kwa nyuma, akafungulia mvuke mbele. Maji yalitanda juu yake kama jasho, yakang'ang'ania hapo hapo. Shangazi alikaa kitini kwa uzito.

"Miezi mitatu," alisema. "Nilidhani shaba hii itageuza mvuke kuwa maji haraka. Kesho naandika kwamba njia hii haifai, nianze upya."

Hakuna aliyemwona Msasa Jumatatu, na angeweza kunyamaza. Lakini alipomwona shangazi akifunga daftari lake, moyo haukumpa.

"Shangazi, nisamehe. Nilikiosha. Nilidhani kimeungua."

Shangazi aliinuka kitini. "Ulisugua chote?"

"Ile pembe ya juu sikuifikia. Nilichoka."

Shangazi alisogeza lenzi kwenye pembe ile, akatazama. Kisha akampisha. "Njoo uone, mama."

Msasa alichungulia. Vitone vidogo kuliko chembe ya chumvi vilikuwa vikizaliwa juu ya weusi ule, vya duara kamili. Viwili viligusana vikawa kimoja, na kile kimoja kikaruka juu chenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kingine kikaruka, na kingine, pembe nzima ikicheza. Msasa alisahau hata kupumua.

"Nani anavirusha?"

"Hakuna. Huo weusi ni sindano za shaba, nyembamba hivi kwamba mamia yake yataenea katika unene wa unywele mmoja. Matone yanakaa kwenye ncha tu, hayana pa kushika. Yakiungana, yanaruka, na nafasi inabaki wazi kwa mvuke mwingine. Wewe ulizilaza sindano zangu."

Machozi yalimlenga Msasa. Shangazi alimshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kusugua bila kuuliza kumeniharibia kipande kimoja, na kipande tutatengeneza kingine. Lakini ungenyamaza, ningeitupa njia nzuri kwa kosa lisilo lake, na nisingejua maisha yangu yote. Ukikosea, sema mapema. Ukweli wako leo umeokoa kazi yangu."

Alifungua daftari. "Kesho uje tutengeneze kingine. Ila sponji yako iache nyumbani."

Msasa alicheka huku akifuta macho, akainama tena kwenye lenzi. Vitone bado vilikuwa vikiruka.