Mifuko Mizuri Mno kwa Taka

Habari hii ni ya kweli, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Msimulizi wake ameapa. Hakutia chumvi hata chembe. Anayebisha aje waketi wabishane, chai ipo.

Katika nyumba moja ya mtaa wenye watu wengi aliishi fundi cherehani. Watu walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote duniani walikuwa wanafunzi wake. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Cherehani ilikaa dirishani. Nje ya dirisha ulipita mtaro wa maji ya mvua.

Yaani, mtaro ulikuwepo. Maji ndiyo yaliyokuwa hayapiti. Ulijaa taka mpaka kuku walivuka bila kuruka. Nzi wa hapo walikuwa wakubwa kiasi kwamba wakitua mezani, vikombe vilitikisika.

Fundi aliishi na mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Taka zao zote zilikwenda kwenye gunia moja nyuma ya mlango. Maganda ya viazi, chupa za plastiki, magazeti, makopo, majani ya chai, vipande vya vitambaa: vyote humo humo. Gunia likijaa, Bibi aliliburuta hadi ukingoni mwa mtaro, akaliacha hapo lisubiri gari la taka. Gari lenyewe lilikuwa na tabia za mgeni rasmi. Lilikuja likijisikia. Mbwa na upepo hawakulisubiri.

"Nimeshatoa," Bibi alikuwa akisema, huku anapangusa mikono. "Sasa nyumba inapumua."

Msimu ule Fundi alikuwa na furaha kubwa. Shule ya jirani ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za wanafunzi wote. Majora ya kitambaa cha bluu yalipangwa ukutani, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Alikuwa hajawahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Alishona huku anaimba, na cherehani ikamwitikia.

Alasiri moja ikanyesha mvua ndogo, ya kulowesha kofia tu. Maji yalifika mtaroni, yakakuta njia imeziba, yakageuka. Yakaingia kwa Fundi bila kupiga hodi. Fundi na mumewe walihangaika kuinua majora, lakini la chini kabisa lilikuwa limeshakunywa maji meusi.

Kesho yake alikuja Mwalimu Mkuu. Aliligusa jora lile, kisha akanusa vidole vyake.

"Fundi, mkono wako naupenda," alisema. "Ila watoto siwezi kuwavisha harufu ya mtaro."

"Nitalifua, Mwalimu. Nitalipiga pasi. Hutalijua."

"Hili lifue. Lakini mvua kubwa iko njiani. Maji yakiingia humu tena, nachukua vitambaa vyote nampelekea fundi mwingine. Usije ukanilaumu."

Mwalimu alipoondoka, Fundi alitoka nje, mikono kiunoni. Alisema kwa sauti, ili ujumbe umfikie kila mwenye masikio:

"Watu wanatupa taka zao, mimi ndiyo naogeshwa! Nimemkosea nani mimi? Kazi yangu ikipotea, mtanilisha nyinyi?"

Dirisha la jirani likafunguka. Akachungulia mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano. Huyu alifanya kazi kwenye kituo cha kuchambulia taka cha mji. Jina lake la mtaani lilikuwa Buti, kwa sababu alivaa mabuti ya mpira mvua ikinyesha au jua likiwaka. Wanasema hata siku ya harusi yake aliyavaa, ila gauni lilikuwa refu.

"Shoga, unamtukana nani?" aliuliza Buti. "Ngoja nije nimwamshe."

Alikuja na fimbo yenye ndoano. Akavaa glovu, akashuka mtaroni, akaanza kuvuta. Ndoano ilipanda na utepe mrefu wa kitambaa cha bluu.

"Hiki cha nani?"

"Kitambaa cha bluu kiko kila mahali," alijibu Fundi haraka.

"Chenye alama za chaki yako?"

Fundi akaficha mgongoni vidole vyenye chaki. Ndoano ikashuka tena, ikarudi na kopo lenye rangi ya kijani iliyogandia ndani. Mume wa Fundi, aliyekuwa ametoka kutazama, akaanza kuangalia mawingu.

"Shemeji, acha kuhesabu ndege," Buti alimwambia. "Ukuta wenu una rangi gani?"

"Kijani," alijibu mume, taratibu sana.

Mara ya tatu ulitoka mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na mfuko. Ndani ya huo, mfuko mwingine tena.

"Huo ni wa kitunguu," alisema Bibi mlangoni. "Kitunguu kimoja. Muuzaji alinitilia tu, ningefanyaje?"

Buti alicheka mpaka akashika ukingo wa mtaro asianguke. Fundi hakucheka. Uso ulimshuka. Alikuwa amelaani mtaa mzima, kumbe mwenye kuziba njia ya maji alikuwa ndani kwake.

"Wengine pia wametupa, usijibebeshe dunia," alisema Buti, sasa kwa upole. "Lakini anza na gunia lako. Kosa si kwamba una taka. Kosa ni kuchanganya. Ukichanganya majani ya chai na magazeti, gazeti limekufa. Ukichanganya chupa na mabaki ya mchuzi, sisi kituoni hatuwezi kuichukua. Zikitengwa, kila kitu kina kwao. Chupa zinayeyushwa, zinakuwa ndoo. Karatasi zinakuwa maboksi. Maganda yanakuwa mbolea. Kinachobaki cha kutupa ni kidogo. Unaweza kukibeba kwa mkono mmoja."

"Mkono mmoja?" Macho ya Fundi yaling'aa. "Mtaro utabaki wazi?"

"Ukizibuliwa, na watu wasipoujaza tena, utabaki wazi."

Fundi hakungoja maelezo mengine. Alirudi kwenye cherehani mbio. Akamwaga sakafuni kapu la vipande alivyokuwa amezoea kutupa: vyekundu, vya maua, vya mistari, vya kumetameta. Cherehani ikalia. Kabla jua halijazama alikuwa ameshona mifuko mitatu. Mmoja wa kutilia karatasi, mmoja wa plastiki, mmoja wa makopo. Aliitia bitana, mishikio imara na vifungo vya kung'aa. Wa makopo aliupamba kwa ua.

"Mke wangu," alisema mume, akizunguka mifuko ile kama anayetazama gari jipya. "Hizi taka zitakaa pazuri kuliko mimi."

Asubuhi Fundi alitundika mifuko mlangoni, akaenda shule kupima watoto. Alirudi mchana akiwa na hamu ya kuona imejaa kiasi gani. Akasimama mlangoni, mdomo wazi.

Mifuko haikuwepo. Misumari ilikuwa mitupu. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na rundo la maganda, magazeti na chupa.

"Nani kaiba?" alipiga kelele.

Mume akaingia kutoka kazini. Begani alikuwa amening'iniza mfuko wa mistari. Ndani mlikuwa na brashi zake, safi, zimepangwa.

"Kumbe wewe ndiye umeniibia mfuko wa kutilia plastiki?"

"Nimeuazima," alisema mume. "Mwenye nyumba ninayoipaka leo ameniita mkandarasi. Mara ya kwanza maishani. Ni mfuko ule, si mimi."

Kabla Fundi hajajibu, Bibi naye akatokea na mifuko miwili, wa maua mkono huu, wa kumetameta mkono ule. Yote imejaa mboga, nyanya na maharage.

"Mama! Hiyo ni mifuko ya taka!"

"Ya taka?" Bibi aliikumbatia. "Mwanangu, una akili timamu? Kitu kizuri hivi nikitie maganda? Sokoni wameniuliza mpaka nimechoka. Muuza vitunguu alinyoosha mfuko wake wa plastiki, nikamwambia weka chini, mimi nimekuja na wangu."

Fundi alikaribia kulia. "Kwa hiyo kazi yote ya jana ni bure. Mvua inakuja, na taka ziko sakafuni."

Buti alikuwa ameshaingia. Kelele za nyumba ile zilikuwa hazimpiti. Alichungulia mifuko ya Bibi, akatazama meza, akatazama chini ya meza.

"Bibi, leo umerudi na mifuko mingapi ya plastiki?"

"Hata mmoja."

"Na siku nyingine?"

Bibi alifikiri. "Kila kitu na mfuko wake. Rundo zima."

Buti akapiga makofi kwa furaha. "Mnaona? Mimi niliwafundisha kuanzia mkia! Kabla ya kutenga taka, punguza taka. Mfuko usiouleta nyumbani huhitaji kuutupa. Bibi amefanya somo la kwanza bila mwalimu."

Bibi akajinyoosha. "Mimi nilijua," alisema, ingawa uso ulionyesha hakujua.

Fundi alitazama mifuko ile, akamtazama Bibi, kicheko kikamshinda. "Basi hii ni ya soko. Ya taka nitashona mingine. Mibaya!"

"Mibaya kabisa," alikubali Buti. "Mtu akiiona asiipende."

Fundi alichukua magunia makuukuu, akayakata, akayashona kwa uzi mweusi, bila kifungo, bila ua. Ilikuwa mibaya hasa. Mume alisema ukitazama ule wa makopo kwa muda mrefu unaumwa kichwa. Hakuna aliyeuazima.

Buti aliwafundisha kazi hatua kwa hatua. Chupa isuuzwe kwanza, kwa maji yaliyooshewa vyombo, si lazima maji mapya. Karatasi zikae pakavu. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwenye gazeti nene na kuwekwa peke yavyo, ili mbeba taka asikatwe. Betri nazo zitengwe, zisichanganywe na maganda, maana zina sumu. Plastiki isichomwe uani, kwa sababu moshi wake unaumiza kifua.

"Na rangi iliyobaki?" aliuliza mume kwa sauti ndogo.

"Mtaroni, hapana. Maliza kwanza iliyobaki, paka hata choo. Kopo likikauka, lete kituoni. Na kopo la rangi usilifanye la chakula wala la maji ya kunywa, hata ukilisugua vipi."

Uani waliweka kreti kuukuu la mbao. Bibi alitia humo maganda na majani ya chai, akafunika kwa majani makavu, akatia tena, akafunika tena. Nyama na mafuta hakutia, maana huita panya. Vipande vidogo vya vitambaa Fundi alivijaza kwenye foronya. Vikawa mito ya viti.

Ule mchezo ukaenea. Jirani wa kushoto alitaka mfuko kama wa Bibi. Fundi akamwambia, "Niletee vipande vyako, nikushonee. Lakini na taka zako utenge." Jirani wa kulia hakutaka kupitwa. Siku moja ya mapumziko, mtaa mzima ulitoka na makoleo, reki na glovu kuzibua mtaro. Vilitoka viatu, vyungu, mwavuli, na kiti kizima chenye miguu yote minne. Mwisho kabisa chini ikaonekana sakafu ya saruji. Watoto walikuwa hawajawahi kuiona. Walidhani ni barabara mpya.

Kisha mawingu yakaja.

Yalikuja mchana, meusi, mazito. Fundi aliacha kushona. Sare zilikuwa karibu kwisha, lakini majora mawili yalikuwa bado sakafuni. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mume akakimbilia majora. Bibi akashika ufagio kama mkuki. Fundi alisimama dirishani, mikono mdomoni.

Maji yalijaa barabarani. Yakauelekea mtaro. Yakapanda nusu yake, yakapanda tena.

"Mama yangu," alinong'ona Fundi.

Halafu yakakimbia. Yalipita mbele ya dirisha kwa kasi, yanavuma, yanateremka kuelekea bondeni, wala hayakutazama mlango.

"Yanapita!" Fundi alipiga ukelele. "Yanapita! Njooni muone maji yanapita!"

Alitoka nje akiwa amevaa futi shingoni. Mume akamfuata. Bibi alitupa ufagio, akacheza kwenye mvua. Buti aliruka ukingoni mpaka mabuti yakajaa maji. Mtaa mzima ulisimama kutazama mtaro ukifanya kazi yake, wakaushangilia kama timu iliyofunga bao.

Ndani, sakafu ilikuwa kavu. Mwalimu Mkuu alipofika na mwavuli wake, alivua viatu mlangoni. Aligusa jora la chini, akanusa vidole, akatabasamu.

"Malizia, Fundi," alisema. "Na sare za mwaka ujao ni zako. Ila huo mfuko wa Bibi nimeupenda. Unauzwa?"

"Hauuzwi," alisema Bibi, akauficha mgongoni.

Basi ndivyo mtaa ulivyopona. Ila sifa apewe anayestahili. Siku ile ya kuzibua mtaro, aliyeshika koleo la kwanza, aliyechimba mpaka jasho likamtiririka, alikuwa mzee mstaafu wa nyumba ya pembeni, yaani msimulizi wa habari hii.

"Simama hapo!"

Sauti ilikuwa ya Bibi. Alikuwa barazani pamoja na majirani, wakisikiliza habari hii ikisomwa kwa mara ya kwanza.

"Koleo lipi?" aliuliza. "Wewe ulikaa kwenye kiti, miguu juu ya kiti kingine, ukituamrisha! Chimba kushoto, chimba kulia! Ndala zako zilirudi nyumbani safi kuliko zilivyotoka."

"Hata chai tulimletea," alisema Fundi.

"Mara mbili," alisema mumewe.

Msimulizi alijaribu kukohoa. Hakuna aliyemhurumia. Majirani walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Buti aliinuka, akaingia kwake, akarudi na koleo, jozi ya glovu na mabuti yake ya akiba.

Habari hii imekatikia hapa kwa sababu hiyo. Msimulizi hana nafasi ya kuongeza neno. Yumo mtaroni tangu asubuhi, anakwangua matope, na Buti amekalia kiti ukingoni, kikombe mkononi.

"Kushoto, mzee," anasema. "Bado kuna majani kushoto."