Aliyeachwa Nje ya Kundi la Tatu

Foleni ya benki ilifika mlangoni. Katikati ya zogo, simu mbili zikatoa sauti moja: mhadhiri yuleyule, kipindi kilekile cha mtandaoni. Fundi cherehani, gauni la kijani na futi bado shingoni, akageuka. Nyuma yake muuguzi mrefu, sare nyeupe pee, anacheka.

"Na wewe uko kundi gani?" fundi akauliza.

"La tatu."

"Ala! Mimi ndiye kiongozi wako, na kazi yako sijaiona!"

"Shikamoo kiongozi."

Miezi mitatu baadaye, we acha tu! Simu asubuhi, simu mchana. Wakawekeana sharti: wakipigiana, masomo marufuku.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula ukinyamaza."

Ila kundi lilimtoa fundi roho. Watu sita, meseji mia mbili kwa siku, hakuna anayejua nani anaandika nini. Jumatatu akafungua kundi jipya: kila mtu na kipande chake, ukikwama sema mapema. Akawaingiza wote aliowahifadhi kama "Kundi 3". Raha iliyoje! Ijumaa kazi zote zilikuwa zimefika, kasoro ya muuguzi. Fundi akachemka. Anadhani nitambeba kwa sababu ananipenda? Akafuta jina lake kwenye kazi ya kundi, akaituma kwa mhadhiri.

Kesho yake simu ikalia.

"Umenifuta?"

"Kuhusu kazi ulikaa kimya wiki nzima!"

"Kimya? Nimetuma kazi kwenye kundi Jumatano, hakuna aliyejibu! Nikikosa alama hizi narudia mwaka, na unajua."

"Uongo, kundi jipya nilikuingiza..." Akalifungua. Hayumo. Jamani! Kumbe yeye fundi alikuwa amemhifadhi muuguzi kama "Roho Yangu".

"Kumbe mimi ni wa kufutwa tu," muuguzi akasema, akakata. Fundi alipiga mara nane. Hakupokelewa.

Jumatatu, darasa zima likisikiliza, fundi akawasha maikrofoni.

"Mwalimu, kosa ni langu. Nilimwacha mwenzetu nje kwa sababu simu yangu inamwita Roho Yangu, sio Kundi 3. Nikatwe mimi."

Vicheko hivyo! Mhadhiri akasubiri vitulie.

"Kazi yake nitaipokea. Wewe nakukata alama kumi. Siku nyingine uliza kabla ya kufuta."

Kipindi kilipoisha simu ikaita.

"Aibu yote hiyo kwa ajili yangu?"

"Hasira zimeisha?"

"Bado kidogo. Ila mwambie mama yako Jumapili nakuja na baba mdogo."

"Kuniombea alama?"

"Kukuomba wewe."