Pete ya Nta Kwenye Droo ya Tatu

Kila Alhamisi jioni kioo cha mapokezi kilikutwa kimefunikwa taulo.

"Daktari, hili taulo ni la nani?" Mioara wa mapokezi aliuliza, amelishika kwa ncha za vidole. "Nageuka nipake rangi ya midomo, nakuta nimefunikiwa kioo. Kwani nani kafa humu ndani?"

"Hajafa mtu. Atakuwa yule mama wa usafi."

"Mama wa usafi huja Jumatatu."

Kwetu kioo hufunikwa kwenye nyumba yenye maiti, roho isije ikajiona ikapotea njia. Ilinca, daktari mwenyewe wa ofisi ile, alilijua hilo vizuri. Alizaliwa kijijini Cernuta, akalelewa na wanawake waliokuwa wakisimamisha saa za ukutani mtu anapokata roho. Ila alipokwenda chuo kikuu kusomea saikolojia, aliandika tasnifu nzima kuhusu desturi hizo, na tangu hapo akajiona amezimaliza. Msomi akishalipa jambo jina refu hudhani amelifunga kamba. Yeye alikuwa hivyo, na hakuwa mtu mbaya kwa hilo.

Basi alilikunja taulo, akalirudisha kabatini, akafunga ofisi.

Mteja wake wa mwisho siku za Alhamisi, wa saa kumi na moja, alijiandikisha kwa jina la Grigore. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye koti jeusi la sherehe lililombana mabegani. Mioara aliapa hajawahi kumwona akiingia.

"Anapita wapi huyo bwana wako wa Alhamisi?"

"Anapita mlangoni kama watu wengine. Wewe ndiye uko kwenye simu."

Siku ya kwanza Grigore aliketi bila kuvua koti. Kisha akasema, "Silali, daktari. Mwaka wa kumi na sita huu."

"Kitu gani kinakuamsha?"

"Nina mke. Hanijui."

Ilinca akamuuliza ana maana gani, naye akamjibu kwa upole kabisa kwamba amekufa, kwamba amezikwa siku moja na ndoa yake, na kwamba mkewe alirudi nyumbani kwa basi la jioni bila kugeuka nyuma. Ilinca akaandika kwenye daftari: *anaamini amekufa, huzuni ya muda mrefu, kumbukumbu za kubuni.* Grigore akayatazama maandishi yale akacheka kidogo.

"Andika tu. Umeshaandika mengi kuliko hayo."

Ilinca hakumwelewa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mumewe alikwenda Italia kupiga plasta nyumba za watu akapata mwingine huko, na tangu hapo aliishi ghorofa ya nne na mama yake, Veta. Mchana kutwa alisikiliza machozi ya wengine. Hakuna aliyekuwa akimuuliza kama amekula. Grigore alimuuliza. Wiki ya tatu alimletea tufaha mbili ndogo nyekundu, zenye ngozi iliyoanza kukunjamana na harufu ya chini ya ardhi. Ilinca alizila zote mbili palepale, mbele yake, akacheka kwa aibu huku akijifuta kidevu.

Kufika Novemba alikuwa anavaa gauni la kijani kila Alhamisi. Sheria ya kazi yake aliijua kuliko sala: usimpende anayekuja kwako kutibiwa. Aliijua, na bado kufika saa kumi na nusu alikuwa ameshachana nywele mara mbili. Tusimcheke. Mpweke akiulizwa kama amekula, hashindwi kupenda.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama Veta, aliyekuwa akipanda ngazi za ghorofa nne na mfuko wa viazi, alianza kufifia tangu Oktoba. Madaktari walisema damu imepungua, wakamwongeza damu, wakamruhusu. Wiki iliyofuata damu ilikuwa imepungua tena. Walipima kila kinachopimika wasione kitu. Ijumaa ndizo zilikuwa mbaya zaidi, mama hata kijiko cha supu kilikuwa kikimshinda.

"Nisipofika Krismasi, usiniache nikate roho bila mshumaa mkononi," mama alimwambia asubuhi moja.

"Mama, acha hayo bwana."

"Sisemi kwa kukutisha. Nasema usije ukanizika kisomi."

Ilinca alicheka, kisha akaenda kulia bafuni. Huyo mama ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani.

Alhamisi ya kwanza ya Desemba theluji ilianguka mapema. Grigore aliinuka muda ulipokwisha, na badala ya kwenda zake akamshika Ilinca mkono. Ulikuwa wa baridi kama kitasa cha mlango wa nje. Ilinca hakuutoa. Akambusu, au alibusiwa, hata yeye baadaye hakujua nani alianza, na akasikia harufu ya nta na mrehani, ile harufu ya kanisani siku ya maziko.

"Siwezi kuendelea kuwa daktari wako," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakupeleka kwa mwenzangu."

"Sihitaji mwingine." Alikuwa na machozi. "Nenda nyumbani, Ilinca. Mama yako hajisikii vizuri."

Hakuwahi kumwambia kwamba ana mama.

Alikwenda mbio kwenye barafu bila kufunga koti, akapanda ghorofa nne bila kuwasha taa ya ngazi, na alipofungua mlango wa nyumba yake harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine chochote, nta na mrehani na udongo wenye unyevu, na kioo cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka la kitanda chake mwenyewe, na saa ya jikoni iliyokuwa ikipiga kelele miaka yote ilikuwa imenyamaza, na kutoka chumbani kwa mama alisikia sauti ya mtu akiongea polepole, kwa furaha, kama anayemhadithia mgeni mambo ya ujana wake, akasukuma mlango akamkuta mama peke yake, mweupe kuliko mto aliolalia, kifungo cha juu cha gauni la kulalia kimefunguliwa, na juu ya moyo wake doa la zambarau lenye vitobo viwili.

"Mmepishana mlangoni," Mama Veta alisema kwa uchovu. "Mkwe wangu ametoka sasa hivi."

"Mkwe gani, mama?"

"Kwa nini hukuniambia umeolewa tena? Kijana mpole hivyo. Kila Alhamisi anakuja kabla hujarudi, ananishika mkono, nalala." Akaonyesha meza. "Amekuletea tufaha."

Kwenye bakuli zilikuwa saba, ndogo, nyekundu. Ilinca akazitazama mpaka akakumbuka alipoziona mara ya kwanza. Zilikuwa zikining'inia kwenye mti wa msonobari.

Kule Cernuta kijana akifa kabla ya kuoa, huozeshwa siku ya maziko. Msonobari hukatwa, ukapambwa kwa tufaha na utepe, na msichana mmoja huvalishwa shela atembee nyuma ya jeneza kama bibi harusi, ili marehemu asiondoke na hamu. Ilinca alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko nyumbani kwa likizo, aliposikia Dorin Pârvu ameanguka kutoka kwenye jengo huko Uhispania akafa. Hakumfahamu, maana Dorin aliondoka kijijini akiwa mdogo, na jeneza lilikuja limefungwa kwa bati. Mama wa marehemu, Safta, alimpigia magoti. Ilinca akakubali kwa huruma, na kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: alikuwa anatafuta mada ya tasnifu.

Walimvisha pete ya nta. Kaburini bibi harusi anatakiwa kuivunja, atupe vipande shimoni na kusema mara tatu, "Nimekuacha, nawe uniache." Yeye aliinama, akatikisa mkono juu ya shimo, akasogeza midomo. Pete aliificha kwenye glavu. Ikaingia kwenye bahasha ya kahawia, ikapewa namba kumi na nne kati ya vielelezo vya tasnifu, na mpaka leo ilikuwa kwenye droo ya tatu ya meza yake ya kazi, karibu kabisa na kiti alichokuwa akikalia Grigore.

Aliupigia simu ukoo wake uliobaki kijijini, yaani shangazi yake Catrina, maana kule mjukuu hubeba pia jina la babu yake.

"Shangazi, babu yake Dorin Pârvu aliitwa nani?"

"Grigore. Kwa nini?"

Ilinca akakaa sakafuni, akamweleza yote.

"Ile pete," Catrina akanong'ona. "Uliivunja?"

"Shangazi..."

"Ilinca. Uliivunja?"

"Niliihifadhi. Kwa ajili ya utafiti."

"Utafiti!" Shangazi alipumua kwa nguvu. "Safta alikufa mwaka wa pili. Dada yake Dorin, mwaka wa nne. Kisha wale kaka wawili, mmoja baada ya mwingine, na mzee wao akafuata masika iliyopita. Sisi tunasema kifua kikuu, kifua kikuu. Kumbe ni strigoi. Mfu asiyetulia hunywa damu ya ndugu zake kwanza. Amemaliza kwao, sasa amekuja kwa wakwe."

"Nifanye nini?"

"Ije ivunjwe juu ya kaburi lake, kabla ya jioni ya Alhamisi nyingine kuingia. Na maneno uyaseme kwa moyo, unanisikia? Ukiyasema huku unamtaka, utakuwa umemwita."

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha Ilinca.

Mioara alikubali kukaa na mama. Theluji ilifunga barabara siku tano, na basi lilipopita tena ilikuwa Alhamisi yenyewe. Saa nane mchana Ilinca alisimama makaburini na bahasha yake, Catrina nyuma yake na mshumaa. Msonobari wa harusi ulikuwa umebaki kijiti kikavu. Alipoinua macho, Dorin alikuwa ameketi upande wa pili wa kaburi, na koti lake la harusi, theluji ikimwangukia bila kuyeyuka.

Catrina hakumwona. Alimwona Ilinca tu akiongea kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia wewe ni nani," Ilinca alisema.

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukaandika."

Ilinca akainamisha kichwa. "Ni kweli. Niliandika."

"Sikuja kula. Nilikuja kukuona. Njaa ndiyo inanifuata nyuma, kama mbwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama yangu alikuwa akinifungulia mlango mwenyewe, Ilinca. Alikuwa akinitandikia kitanda."

"Mwache wangu."

"Nikiwa na mke siwezi. Nina mama mkwe, nina kwetu, narudi. Uniache wewe." Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, "Au usiniache. Kule chini hakuna anayeongea."

Ilinca aliwatazama wote wawili kichwani mwake, mama na kijiko chake cha supu, na huyu aliyemuuliza kama amekula. Alitafuta moyoni mahali ambapo hamtaki, ili aseme maneno kutoka hapo, akakosa. Hakuwa napo. Basi akasema kutoka pale alipokuwa.

"Nimekuacha, nawe uniache." "Nimekuacha, Dorin, nawe uniache. Nakupenda, na nimekuacha, nawe uniache."

Akaivunja pete. Ilikatika kirahisi, kama biskuti iliyokaa sana. Vipande vikaanguka kwenye theluji, naye akavifukia kwa mikono mitupu.

"Saa yetu imekwisha, daktari?" Dorin aliuliza.

"Imekwisha."

Aliinuka, akafunga vifungo vya koti kama alivyokuwa akifanya kila Alhamisi, na theluji iliyokuwa mabegani mwake ikaanza kuyeyuka. Ilipokwisha kuyeyuka hapakuwa na mtu.

Wiki mbili baadaye Mama Veta aliomba mamaliga, ule ugali wa mahindi wa kwao, na jibini, akala sahani mbili. Doa la kifuani lilififia likawa la njano, kisha likatoweka. Madaktari walisema dawa imefanya kazi.

"Na mkwe?" mama aliuliza. "Mbona haji?"

"Amesafiri, mama."

"Kafanya vibaya kuondoka bila kuniaga."

Ilinca alirudi kazini. Kioo cha mapokezi alikifunika mwenyewe, kwa taulo lilelile, na Mioara, aliyekuwa na utani wa kila kitu, akamshikia ncha ya pili. Siku ya arobaini Ilinca aliingia na mkate, kikombe kipya chenye mshumaa uliofungwa kwenye kishikio, na sahani ya koliva, ile ngano ya wafu iliyochemshwa kwa sukari. Akasimama upande mmoja wa kizingiti, Mioara upande wa pili, kama sadaka ya marehemu inavyotakiwa, akampa.

"Mungu amsamehe," Mioara alisema akipokea. "Namwombea nani?"

"Dorin."

"Dorin ni nani wako?"

Miaka kumi na sita alikuwa na majibu ya kisomi kwa swali hilo.

"Mume wangu," akasema.

Kisha akakifunua kioo, akalikunja taulo, akajiona mle ndani peke yake.