Siku Tatu Bila Simu ya Kitavi

Walikutana sokoni Ngara, katika msongamano wa Jumamosi, Kitavi akitafuta pazia la chumba chake cha Riruta na Nzula akiwa ndiye mwenye kibanda cha kushona mapazia. Nzula alivaa gauni la kitenge cha manjano, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Dirisha lako ni kubwa aje?"

"Sijapima."

"Na hiyo kadi ya maabara umevaa shingoni ni ya urembo?"

Kitavi alicheka, akarudi kesho yake bila haja ya pazia.

Miezi minane baadaye, wakiwa wapenzi, ni Kitavi aliyemsihi Nzula akapimwe virusi vya HPV, vile vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. "Ni kijiti cha pamba tu, mpenzi. Dakika mbili." Nzula akaenda. Kliniki ile hupeleka vichupa vyake kwenye maabara anakofanya kazi Kitavi mjini, na hilo hakuna kati yao aliyelifikiria.

Jumanne Nzula alimpigia Kitavi, simu ikalia mpaka ikakata. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi ukaingia ujumbe: "Niko na kazi mingi. Nitakutafuta." Hakuna "mpenzi", hakuna "umekula?" Nzula aliogopa mpaka chakula kikamshinda, na akakata vibaya pazia la mteja. Ndipo akakumbuka vile vichupa hupelekwa wapi, akaamini Kitavi ameyaona majibu na amemkimbia.

Ijumaa daktari alimweleza polepole. Virusi vimeonekana, vya aina ya kufuatiliwa. Hiyo si saratani. Jumatatu mlango wa kizazi utaangaliwa, na ikibidi kitakatwa kipande kidogo kipelekwe maabara. Katika yote hayo Nzula alisikia neno moja tu: kukatwa.

Nje, kwenye benchi la kliniki, alikaa Kitavi, aliyeijua siku ya majibu, shati halijapigwa pasi.

"Ulijua," Nzula alisema.

"Tangu Jumanne. Nilisoma majibu kwa namba, ndio nikaona jina lako. Na haturuhusiwi kumwambia mtu kabla ya daktari."

"Sikuwa natafuta majibu. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Ungesikia tu sauti yangu ungejua. Siwezi kukudanganya, Nzu. Niliogopa."

"Na mimi uliniacha niogope peke yangu." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Kitavi aliinamisha kichwa. "Pengine ni mimi nilikupatia hiyo kitu. Sisi wanaume hatuitwi kupimwa. Nilikuwa nimepanga kupeleka mbuzi wa mahari kwenu Desemba."

"Na sasa?"

"Sasa naona Desemba ni mbali."

"Usinioe kwa huruma, Kitavi."

"Huruma gani? Si unaona vile natetemeka?"

Ilikuwa kweli. Nzula aliitazama ile mikono iliyozoea kushika vichupa vya wanawake asiowajua, sasa haijui pa kujiweka.

"Hicho kipande wakikikata, kinaletwa kwenu?"

"Ndiyo."

"Basi akisome mtu mwingine. Wewe Jumatatu uombe ruhusa, uje hapa unishike. Na ukiogopa, uogope nikikuona."