Kibali cha Jumatano

"Mbegu zimetoka shambani," redio ilisema. "Land Rover nyeupe, One-Ten."

"Nimeiona," alijibu Hasani Abdulrahim.

Ilikuwa mita mia nne mbele yake, ikishuka kutoka Makutupora na kuacha vumbi zito juu ya mizabibu. Yeye alikuwa ndani ya vumbi hilo, juu ya pikipiki Honda XL, kitambaa puani, bastola ya Browning ubavuni.

Saa nne asubuhi. Siku ya Idi.

Watu waliojaliwa walikuwa wametoka kuswali na sasa wananusa pilau. Hasani hakuwa ametia kitu mdomoni, wala hakuna aliyempa mkono wa Idi. Kalenda zote za ukutani zilikuwa zimeandika Alhamisi, lakini mwezi ulionekana Jumanne jioni, na redio ikatangaza kwamba Idi ni kesho yake. Alilisikia tangazo akiwa peke yake katika chumba cha kupanga, akisafisha bastola. Alitabasamu, akatazama huku na huku, akakumbuka kuwa hapakuwa na mtu.

Hii ilikuwa Idi ya sita bila kufika kwao Kolo, huko Kondoa. Mama yake, Bi Tabu, aliamini mwanawe anauza matairi.

Redio ikakwaruza tena. Alikuwa Ritha, mkuu wake wa kazi.

"Karatasi za huyo mzungu zikiwa safi, usimguse. Ana marafiki ubalozini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mkuu. Zikiwa chafu?"

"Hapo utajua mwenyewe."

Ndani ya Land Rover kulikuwa na makasha manne ya kanda, mali ya Baraza la Kumbukumbu za Sanaa. Zilikuwa nyimbo za Wagogo na Warangi, kazi ya serikali ya miaka thelathini, na hazikuwa na nakala nyingine popote. Lakini huu ulikuwa wakati wa soko huria. Baraza liliambiwa lijitegemee, nusu ya wafanyakazi wakapewa barua za kupunguzwa, na ghala lote likabaki na kufuli moja. Ndipo alipotokea Dakta Voss wa kampuni ya muziki ya ng'ambo, na maneno yake matamu kuhusu ukarabati.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kanda zikifika kwao, nyimbo zinasajiliwa kuwa mali ya kampuni. Kuanzia hapo, mwenye wimbo wake akitaka kuuimba redioni, amwombe Voss ruhusa.

Kanda namba sitini na moja ilikuwa ya Bi Tabu.

Hasani hakuwa amemwambia mtu. Ofisa mwenye ndugu ndani ya kesi huondolewa, na kesi yenyewe huvurugika mahakamani. Angefungua mdomo, sauti ya mama yake ingepanda ndege. Kwa hiyo aliufunga, na jambo hilo lilimkaa kifuani kwa miezi mitatu kama tonge lililokwama.

Mjini, familia zilizovaa nguo mpya zilikuwa zinavuka barabara makundi kwa makundi. Land Rover ikapiga honi, ikapenya, ikashika njia ya mashariki. Hasani hakuifuata. Alikata nyuma ya reli, akaruka mtaro mmoja, nusura mwingine umtupe, akaibukia Nzuguni.

Alikifikia kizuizi cha barabarani dakika mbili kabla yao.

Askari wa zamu alikuwa msichana mmoja mwenye msalaba mdogo shingoni, jina lake Ruthu. Alikiangalia kitambulisho, kisha akamwangalia mwenyewe, kofia ya sala ikichungulia mfukoni.

"Idi njema, kaka."

Ilikuwa salamu ya kwanza siku nzima, na ilimchoma pale alipodhani pameshakufa ganzi.

"Ahsante, dada," Hasani alisema. "Shusha mti."

Land Rover ikasimama. Voss akateremsha kioo, akatoa kibali kabla hajaulizwa.

Kilikuwa halisi. Karatasi ya Baraza, namba ya kumbukumbu, muhuri, na sahihi ya Anthony, Kaimu Mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe, Mama Dorothea, asingeruhusu hata kanda moja itoke. Lakini alikuwa safarini Dar es Salaam, na barua ilimkabidhi Anthony ukaimu kuanzia Jumatano. Kwa siku tatu kalamu ya Anthony ilikuwa na nguvu ya sheria.

Hasani alisoma mara mbili. Safi.

Akasoma mara ya tatu, sasa akiuangalia muhuri. Ulikuwa na tarehe ya leo.

"Ulikipata wapi, Dakta?"

"Ofisini," Voss alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Bwana Anthony piga muhuri mbele yangu. Leo, saa mbili."

Hasani akakikunja kibali taratibu. Akilini alimwona Anthony Jumanne mchana, akizungusha tarehe ya muhuri siku moja mbele ili sahihi yake iangukie ndani ya ukaimu, kisha akimkabidhi mzungu na kwenda kulala mapema. Alifuata kalenda. Mwezi haukuifuata.

"Leo ni sikukuu, Dakta. Hakuna ofisi ya serikali iliyofunguliwa."

Voss akamgeukia dereva. "Rudisha gari nyuma, haraka," alisema, na safari hii Kiswahili chake kilinyooka kabisa.

Gari likanguruma kinyumenyume. Browning ikalia mara moja. Tairi la mbele likapasuka, Land Rover ikatumbukia mtaroni, na Ruthu akawa ameshafika kwa dereva na bunduki yake.

"Mbegu zimekamatwa," Hasani alisema redioni. "Karatasi chafu. Mfuateni Anthony nyumbani."

"Vizuri. Sikiliza kanda moja, yoyote, uthibitishe mzigo. Kisha uende Mpwapwa, kuna kazi."

Yoyote. Mkono wake ulipita kasha la kwanza na la pili, ukaitoa namba sitini na moja katika la tatu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na Uher, mashine ya kuchezea kanda, ya Voss mwenyewe. Akaipachika kanda, akabonyeza.

Sauti ya mwanamke kijana ikatoka, nyepesi, ikiimba Kirangi. Katikati ya wimbo mtoto akalia karibu na kinasa sauti. Mwimbaji akacheka, akamwambia, "Nyamaza, baba," akaendelea pale pale alipoachia.

Voss na dereva walikuwa wameshafungwa pingu, na Ruthu alikuwa ameishusha bunduki. Akasoma kwenye jalada: Tabu binti Salimu, Kolo.

"Anaimba vizuri huyu mama," alisema. "Unamfahamu, kaka?"

Hasani aliandika namba ya kanda, akatia sahihi, akaizima mashine.

"Simfahamu," alisema.

Akavaa miwani yake ya jua, akapiga kiki Honda, akashika njia ya Mpwapwa.